Ist ya otomatiki inasita nikikanyaga mafuta, garaji wanasema buati (giaboksi) imekufa

mama_mashu (Goma, Majengo)

Jambo yenu nyote. Gari yangu ni Toyota Ist ya 2003, injini ya 1.5, otomatiki, usukani kulia. Kazi yake ni moja: saa kumi na moja alfajiri natoka Majengo, napanda Kibumba kuchukua mashu (kabichi) na viazi, saa nne niko soko la Virunga.

Tangu wiki mbili imeanza ujeuri. Nikifika rond-point na kuona nafasi, nakanyaga mafuta, gari inanyamaza kama mtoto aliyeitwa akajifanya hajasikia. Nahesabu moja, mbili, ndipo inaruka mbele. Juzi mtu wa pikipiki alinitukana mimi na ukoo wangu wote. Mpando wa Kibati ndio mbaya zaidi. Nikikanyaga kidogo kidogo inapanda. Nikikanyaga sana inakohoa, mshale wa mizunguko unagoma kwenye 2,000, halafu unapanda ghafla. Na wakati huo niko tupu! Mzigo wangu ni wa kushuka.

Kinachonishangaza, dakika tano za kwanza asubuhi, injini ikiwa baridi, inakwenda vizuri kabisa. Taa ya injini haijawahi kuwaka.

Nimeipeleka garaji moja hapa mjini. Kijana aliizungusha mara moja tu kwenye kwartie, akarudi akasema, "Mama, buati imekufa." Anataka dola 450 aniletee buati ya okazio (iliyokwisha tumika), 200 nitoe sasa kama avansi. Kama ni kweli sikatai, lakini dola 450 ni mashu mangapi? Anayejua anisaidie kabla sijafungua kitambaa cha pesa.

kavumu_express (Bukavu)

Pole mama. Otomatiki na milima ya kwetu haviendani. Uza, tafuta manieli (gia za mkono).

mekano_birere (Goma)

Huyo wa Bukavu msamehe, mama, kila swali analijibu hivyo.

Usitoe avansi. Umetuandikia jambo moja ambalo kijana wa garaji hakukuuliza: mshale unagoma kwenye 2,000. Buati iliyochoka huwa kinyume chake. Unakanyaga, injini inalia, mshale unapanda mpaka 4,000, na gari haiendi, kwa sababu diski za ndani zinateleza. Au ukitia D inakaa kidogo ndipo ishike kwa kishindo. Kwako injini yenyewe ndiyo inakataa kupanda. Huyo ni mgonjwa wa pumzi au wa chakula, miguu yake ni mizima.

Hata hivyo pima mafuta ya buati, ni bure. Simamisha gari mahali tambarare, injini iwe moto na iendelee kunguruma. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha mkono wa gia polepole P, R, N, D, rudi P. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Yafike alama ya HOT. Yakiwa mekundu na hayana harufu, funga. Yakiwa meusi na yananuka kama mkate ulioungua, hapo tuongee habari ya buati. Yakipungua, iongezewe Type T-IV, si mafuta ya injini! Nimeona gari iliyoongezewa mafuta ya injini kwenye buati na mtu mwenye diploma.

Hilo la asubuhi linasema mengi. Injini ikiwa baridi kompyuta inaongeza petroli kwa makusudi. Ikishapata joto inapunguza, inapima kufuatana na hewa inayoingia. Kama gari yako ni nzuri ikiwa baridi na inakohoa ikiwa moto, ninashuku inapata petroli kidogo kuliko hewa. Sababu ni chache: kapteri ya hewa (wengine wanaita sensa) imechafuka, mpira wa hewa umepasuka nyuma ya kapteri, au petroli haifiki kwa nguvu. Bujia (plagi za kuwasha moto) nazo zitazame, lakini zisiwe za kwanza kununuliwa.

Halafu swali: ukifungua kontakti (swichi ya ufunguo) kabla ya kuwasha, taa ya injini inawaka? Lazima iwake, kisha izime injini ikishika. Kama haiwaki kabisa, kuna mtu aliinyamazisha.

papa_wa_kenya (Lubumbashi, ni komini ya Kenya, si nchi)

Mekano amesema vizuri. Niongeze ya kwangu, maana niliteseka miezi minne na Spacio.

Nilibadilisha bujia zote nne. Nikanunua koili. Nikasafisha papiyo ya hewa (kile kilango cha kuingiza hewa kwenye injini) mpaka ikang'aa kama sufuria ya bibi arusi. Gari ikaendelea kusita. Mwishowe mzee mmoja akaleta saa ya kupima presha, akaifunga kwenye mpira wa petroli. Gari ikitulia ilionyesha bar 3. Tulipokanyaga ikaanguka chini ya 2. Gari kama hizi zinataka kati ya 3.0 na 3.4, na zisianguke. Tukatoa pompe kwenye tangi: kile kichujio chake cha chini, kama soksi, kilikuwa kimejaa matope meusi mithili ya machicha ya kahawa. Nilikuwa mteja wa kadafi, nanunua petroli ya bidoni kando ya barabara, na kila siku natembea na tangi la robo. Uchafu wote unakaa chini, na pompe inanyonya huko huko.

Ila yangu ilisita hata ikiwa baridi, kwa hiyo mama aanze na hewa.

Na usisahau uko juu sana, mama. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na ukienda Kibumba unazidi kupanda. Injini isiyo na tabo (turbo) hapo Goma imekwisha kupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake hata ikiwa mpya. Gari yenye kasoro ndogo itaficha aibu yake Dar es Salaam, kwenu itaumbuka.

mama_mashu

Aksanti sana ba papa. Nina habari, mkae.

Nilifungua kontakti kama mekano alivyosema. Taa ya injini, hakuna. Mtoto wangu wa pili akafungua dashibodi: nyuma ya mahali pa taa kuna kipande cha skochi (utepe wa gundi) nyeusi, kimekatwa vizuri kwa mkasi! Miaka mitatu naendesha gari iliyozibwa mdomo. Aliyeniuzia tunasali kanisa moja.

Mafuta ya buati ni mekundu, yamefika HOT, hayanuki.

Nikalipa dola 5 wanipimie kwa skana. Ikatoa P0171. Kijana wa skana akasema maana yake hewa nyingi, petroli kidogo. Nikajisikia kama nimefaulu mtihani ambao mekano wa Birere alinifanyia.

Tukafungua sanduku la filtri. Nyinyi wa Lubumbashi mna vumbi jekundu, sisi tuna hili jeusi la volkano, lina ncha kama chupa iliyosagwa. Kila nikiosha gari, vijana walikuwa wanaitoa filtri na kuipuliza kwa kompresa, nami nawapa franki kidogo kwa wema wao. Kumbe upepo umetoboa karatasi. Tundu lenyewe kidole changu kidogo kinapita. Kapteri ya hewa ina uzi mwembamba kama unywele, na uzi ule ulikuwa umevaa koti la vumbi.

mekano_birere

Ndiyo hiyo. Uzi ule unapashwa moto, na hewa inayopita ndiyo inaupoza. Ukivaa vumbi hauhisi hewa yote, kompyuta inadhani imeingia kidogo, inatoa petroli kidogo. Ukikanyaga polepole kompyuta inawahi kurekebisha. Ukikanyaga ghafla ndipo pengo linaonekana. Safisha kwa dawa yake ya kupuliza tu, si petroli, si brashi, wala kidole. Ikauke kabisa ndipo urudishe plagi yake. Filtri nunua mpya, na wale vijana waambie waoshe matairi.

mama_mashu

Tumefanya vyote Jumamosi: dawa dola 9, filtri dola 7, na wakafuta ile kodi ya P0171 kwa skana. Leo alfajiri nimepanda Kibati nimekanyaga mpaka chini, mshale ukapita 4,000 bila kukohoa. Imebaki kusita kidogo sana, nusu ya kuhesabu moja, nikikanyaga ghafla.

mekano_birere

Hiyo nusu ni buati inashusha gia ili ikupe nguvu. Otomatiki ya umri huo iko hivyo, iache. Kwenye mpando mrefu, kama mkono wa gia una kitufe cha O/D (cha gia ya juu kabisa), kizime, isihangaike kupanda na kushuka gia.

mama_mashu

Kipo. Nilidhani ni cha redio.

Yule wa garaji amenipigia mchana, buati imefika, anangoja avansi. Nimemwambia niko Kibumba, mtandao mbaya.