Naomba ushauri: mwenye nyumba kanipeleka kaunti koti

Wadau habari zenu, nipo Leicester, Uingereza, mwenye nyumba kanifungulia kesi kaunti koti (mahakama ya kesi za madai huku) anataka nitoke kwa kifungu cha 8 cha sheria ya nyumba, eti nimelimbikiza kodi. Bahasha imekuja na tarehe ya kusikilizwa na fomu N11R ya kujitetea, natakiwa niirudishe ndani ya siku 14. Sasa hesabu yake haina hela nilizomtumia kwa benki mwezi wa 11 na wa 12, stetimenti ninazo, halafu ukuta wa chumba cha mtoto umeota ukungu mweusi hadi rangi inabanduka, kila nikimtumia picha anajibu "fungua dirisha", baridi yote hii jamani! Depoziti nayo sijawahi kupewa karatasi yoyote kwamba kaiweka kwenye skimu ya kulinda depoziti ndani ya zile siku 30 za sheria.

Haya ya ukungu na depoziti nayaandika humohumo kwenye N11R au kumdai ni fomu nyingine ya kulipia? Na wale mawakili wa bure wa siku ya kesi, nikiwasubiri si nitakuwa nimechelewa? Shemeji anasema nihame tu yaishe, mi sitoki mpaka jaji aseme. Aliyepitia hii anisaidie.