Naomba ushauri: kanisani sikosi, ila hakuna kinachonishangaza tena

Mhamiaji wa Mtumba (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Wenye kejeli za dini naomba mpite tu, hili linaniumiza kweli.

Ni mtumishi wa umma, nilikuja Dodoma wakati ule serikali inahama. Nina mke na watoto wawili, Mlutheri wa kuzaliwa. Usharikani niko kamati ya fedha, kwa hiyo ibada ikielekea ukingoni, wenzangu wanaimba, mimi niko ofisini tunahesabu sadaka na kupanga bahasha. Sijaacha kuamini. Nasali, fungu la kumi natoa. Ila mchungaji akishasoma somo tu, najua atapita wapi na atatokea wapi. Pasaka ikikaribia nawaza michango. Zamani nikisikia wale wanawake wamekuta kaburi liko wazi, mwili ulikuwa unanisisimka.

Kilichonifanya niandike ni binti yangu. Juzi tumetoka Dar na SGR, treni ilipozama kwenye handaki kule Kilosa akabandika viganja kioo, akapiga kelele: "Baba, wamezima jua!" Behewa zima tumeinamia simu. Tulipofika nyumbani nikawasomea habari za ufufuo, akauliza Yesu alipofufuka alikula nini. Nikamwambia samaki, ipo Luka 24. Akauliza tena: "Kwani alikuwa na njaa?" Tangu nizaliwe sijawahi kujiuliza hilo.

Imeandikwa tusipokuwa kama vitoto hatuingii mbinguni. Sasa mtu wa miaka arobaini na ushee anarudije huko? Nataka mawazo ya kufanyia kazi, si "omba sana mtumishi".

Kifaru Mkavu
Omba sana mtumishi. Natania mkuu. Ila kubali umri. Paulo mwenyewe kwenye 1 Wakorintho 13 anasema alipokuwa mtu mzima aliyabatilisha ya kitoto. Sote tuko hivyohivyo, wengine hatusemi tu.

Mwinjilisti Mstaafu
Kifaru, ungeendelea kidogo tu. Sura ya 14 mstari wa 20, Paulo huyohuyo anatutaka tuwe watoto wachanga kwa habari ya uovu, lakini akilini tuwe watu wazima. Kwa hiyo hakuna anayeambiwa awe mjinga.

Mleta mada, rudi Mathayo 18, uanze mstari wa kwanza. Wanafunzi wanauliza nani aliye mkuu katika ufalme wa mbinguni. Swali la vyeo! Ndipo mtoto anaitwa, anasimamishwa katikati yao, na mstari wa 4 unazungumzia kujinyenyekeza. Kusisimka mwili hakumo. Kwa hiyo mimi kilichonigusa kwenye maelezo yako ni hapo uliposema "najua atatokea wapi". Umeshakuwa mkubwa kanisani, mwanangu. Mtoto anauliza kwa sababu hajui, na kutojua hakumpi aibu. Ehe, ulimjibu nini kuhusu njaa?

Mhamiaji wa Mtumba (mleta mada)
Shikamoo mzee. Nilimwambia tutamuuliza mchungaji. Kila siku ananikumbusha.

Mwinjilisti Mstaafu
Marahaba. Soma mstari wa 41, kabla ya samaki hajatolewa. Walikuwa wanamdhania roho, kawaonyesha mikono na miguu, na bado walikuwa "hawajaamini kwa furaha, huku wakistaajabu". Ndipo akauliza kama wana chakula. Alikula mbele yao ili waone kwamba ni yeye, mwenye nyama na mifupa. Kama njaa ilikuwepo, Luka hakusema. Lakini tazama: kustaajabu kwao hakukuwa kwa watu wenye imani iliyokomaa, kulikuwa kwa watu waliochanganyikiwa na wenye hofu. Mwambie binti hivyo, uone atauliza nini tena.

Mama Lishe Majengo
Mimi napika kwa biashara. Kutwa nzima nimeinamia sufuria, jioni pilau yangu mwenyewe haina ladha mdomoni, mteja anajilamba vidole. Na wewe umekaa sana jikoni mwa kanisa. Achia hiyo kamati, nenda kakae benchi la nyuma, uimbe mpaka baraka ya mwisho. Sadaka zitahesabiwa na wengine.

Dada wa Zamu
Samahani nitoke kidogo kwenye Biblia. Ni kanisani tu au kila mahali? Usingizi, hamu ya kula, mpira, kucheka na mkeo, vipo? Kama vyote vimepoa, inaweza kuwa sonona, na inatibika. Hospitali ya afya ya akili ya Mirembe iko hapahapa mjini, na si kila anayeingia pale ni yule mnayemfikiria.

Mhamiaji wa Mtumba (mleta mada)
Asante dada. Nalala vizuri, na Yanga ikifungwa naumia vilevile. Ni kanisani tu.

Abuu Kondoa
Mimi ni Muislamu ila nichangie. Chukua watoto, shika barabara ya Kondoa mpaka Kolo, kaone michoro ya mapangoni. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, lakini wakazi wengi wa Dodoma mjini hawajafika. Unapanda mlima kwa jasho, halafu unakuta mtu na mnyama wamechorwa kwa rangi nyekundu ukutani, na aliyewachora hajulikani hata jina.

Kifaru Mkavu
Sasa utalii na wokovu wapi na wapi?

Mzabibu wa Hombolo
Kifaru acha hizo, Ayubu alipelekwa wapi kama si nje? Sura ya 38 hajibiwi hata swali moja, yeye ndiye anaulizwa: theluji, mvua, simba, Kilimia, lile kundi la nyota. Kilimia hichohicho ambacho kuanzia Novemba jioni unakiona kinachomoza mashariki, wakati huku tunaandaa mashamba tunasubiri mvua. Toka kwenye taa za mji uje huku uangalie juu, halafu usome sura hiyo kwa sauti.

Na kama hutaki usiku, njoo nikipogoa zabibu. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mkasi haulali. Ukikata tawi linaloonekana kavu kabisa, lenye gome linalobanduka, baada ya muda ncha inatoa maji, tone kwa tone, hadi ardhi chini inalowa. Nimezaliwa kwenye hili shamba na bado nasimama kuangalia. Sina mahubiri ya kuongezea hapo.

Ticha wa Wadogo
Mkuu, njoo shule ya Jumapili ufundishe. Walimu hatutoshi, na watoto hawaijui hiyo "najua utatokea wapi". Juzi nafundisha safina ya Nuhu, mmoja kanibana: samaki nao walikuwa ndani? Nikakwama mbele ya darasa zima.

Mhamiaji wa Mtumba (mleta mada)
Mrejesho wakuu. Mwenyekiti amekataa nitoke kamati mpaka tufunge hesabu za mwaka. Nimekubali, ila kuhesabu tumekuhamishia baada ya ibada, ili na sisi tuimbe. Binti nilimpa jibu la mzee, akauliza kwa nini hawakumpa na ugali. Shule ya Jumapili wamenipa kundi la wadogo kabisa, naanza mwezi ujao. Ticha, ni kweli hawatulii?

Ticha wa Wadogo
Hawatulii. Beba peremende, na wapeleke chooni kabla hujafungua Biblia.