Nahama na mbwa wangu kwenda Ujerumani baada ya miezi 5, naanzia wapi?

Kito_na_mimi
Habari zenu wadau, naomba msaada kwa anayeyajua haya mambo. Nimepata kazi Ujerumani, natakiwa niwe nimefika baada ya miezi 5 hivi, na nina mbwa wangu anaitwa Kito, jike la miaka 4, nimemlea tangu anaenea kwenye viganja vyangu viwili na kumwacha siwezi, hilo nimeshalimaliza na ndugu wote walioniambia nimgawe. Chanjo ya kichaa cha mbwa kachomwa mwezi uliopita na cheti ninacho. Chipu, ile ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, bado, nilijua hiyo naweka hata wiki ya mwisho. Nchi niliyopo haimo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya nchi zenye masharti nafuu. Halafu kwenye kreti, lile boksi la kusafirishia mbwa, hajawahi kukaa hata siku moja, akifungiwa chumbani tu analia mpaka umfungulie. Kuna mtu kaniambia apewe dawa ya usingizi asafiri amelala, ni kweli? Naanza na kipi jamani?

mama_wa_paka3
Ndugu yangu wiki ya mwisho hapana, chipu kaweke wiki hii hii. Kwa sheria za Ulaya chipu inatangulia ndo chanjo inafuata, zinaweza kuwa siku moja lakini chipu kwanza, kwa hiyo chanjo ya mwezi uliopita haihesabiki hata cheti kiwe na mihuri yote. Najua inauma. Mimi yalinikuta, paka wangu alichanjwa, chipu ikaja wiki 2 baadaye, kliniki wakaniambia haina shida, nakuja kugundua tiketi nimeshalipia, nikaanza upya yote na safari ikasogea.

Sasa piga hesabu hivi. Akishawekwa chipu anachanjwa tena. Kuanzia siku ya chanjo zipite siku 30 ndo atolewe damu ya kupima kingamwili, na damu inapimwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, sio maabara yoyote tu. Kiwango kinatakiwa kifike uniti 0.5 kwa mililita au zaidi. Hapo unasubiri miezi 3, na hiyo miezi 3 inahesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, sio siku majibu yalipotoka. Jumla miezi 4 na kidogo, wewe una 5, utawahi ila siku ya kuchezea huna. Uzuri wake kipimo kikishakubali hakirudiwi, mradi chanjo ya marudio usiiache ikapita tarehe yake.

Mwishoni kuna cheti cha afya kinachopitishwa na daktari wa mifugo wa serikali, hicho kinadumu siku 10 mpaka unaingia kwa hiyo usikikimbilie mapema.

babu_na_mbwa
Mwanangu, dawa ya usingizi usimpe. Inashusha presha na pumzi, na kule chini ya ndege hakuna wa kumwangalia akizidiwa, mashirika mengi wakimwona amelewa dawa hawampokei kabisa. Wale wa pua fupi kina bulldog na pug ndo hatari zaidi, wanapumua kwa shida hata wakiwa macho.

Kinachomtuliza ni kreti kuizoea, na miezi 5 inakutosha sana. Ing'oe mlango kabisa, iweke pale anapopenda kulala, tandika fulana yako uliyoivaa ambayo hujaifua, chakula chake mpe humo humo. Usimsukume aingie. Akishalala mwenyewe ndo urudishe mlango, funga dakika 1 ukiwa umekaa pembeni yake, kesho 3, hivyo hivyo mpaka alale usiku mzima. Wangu alichukua wiki 6, siku za mwanzo alikuwa ananyoosha shingo kama twiga achukue nyama bila kuingiza miguu. Ukubwa wa kreti: asimame masikio yasiguse juu, ageuke, ajinyooshe. Bakuli la maji lifungwe mlangoni, na maji uyagandishe usiku wa kuamkia safari, yatayeyuka taratibu hayatamwagika wakati wanabeba.

njiani_tena
Naongeza dogo lililonitoa jasho. Chipu ina namba 15, na kwenye cheti changu namba 2 ziligeuzwa. Tumefika, afisa anapitisha mashine shingoni, anaangalia karatasi, anapitisha tena, mi nimeshika kamba mikono inatetemeka. Tulikaa saa kadhaa mpaka karatasi iliyosahihishwa ikatumwa. Siku ya cheti mwambie daktari asome chipu kwa mashine, wewe shika karatasi umsomee namba moja moja kwa sauti.

Na wewe mwenyewe usipishane na mbwa wako kusafiri zaidi ya siku 5, ikizidi anahesabika kama mzigo wa biashara na masharti yanabadilika. Wengine mnaosoma msibebe haya kama yalivyo kwa nchi nyingine, Uingereza mbwa anataka na dawa ya minyoo ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, Japani ukitokea nchi yenye kichaa cha mbwa kusubiri ni siku 180, Australia kuna karantini.

Kito_na_mimi
Mungu awabariki, sikulala jana nikihesabu tarehe. Leo asubuhi chipu imewekwa, kalia kidogo tu sindano ilipoingia, chanjo ikafuata hapo hapo na daktari kaandika hadi saa. Damu nimeshaandika kwenye kalenda, nimeweka siku ya 32 ili nisije nikabishana na mtu. Kreti iko sebuleni haina mlango, fulana yangu imo ndani. Kaingiza miguu ya mbele, kainusa ile fulana, katoka nayo mdomoni kaenda kuilalia chini ya meza. Babu, nimrudishie ndani au nimwachie?

babu_na_mbwa
Mwachie hiyo, weka nyingine ndani.