Mgonjwa wa saratani akiuliza amebakiza muda gani

Swali:
Mimi ni daktari niliyeanza kazi hivi karibuni katika wadi ya saratani. Mgonjwa wangu, ambaye saratani yake ya mapafu imeshasambaa hadi kwenye ini, aliniuliza jana, "Nimebakiza muda gani?" Nikamweleza ratiba ya tibakemia, yaani dawa za kushambulia seli za saratani. Alinyamaza, nami nikajua kuwa nimelikwepa swali lake. Wanawe wameniomba nisimwambie lolote. Naomba wenye uzoefu mnishauri.

Jibu la kwanza:
Pole, daktari. Wengi wetu tumewahi kujificha nyuma ya ratiba hiyo, nayo huwapotosha wagonjwa: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kuwa asilimia 69 ya waliokuwa wakipewa tibakemia kwa saratani ya mapafu iliyosambaa hawakuelewa kwamba haikutarajiwa kuwaponya. Rudi kwake, ukae, umwulize kwanza ameelewa nini na angependa kujua kiasi gani, kwa maana yupo anayetaka kuhesabu miezi, na yupo anayetaka tu kujua kama atawahi kumwona mjukuu akizaliwa. Usimtajie nambari moja. Ikiwa muda wa kati wa kuishi kwa wagonjwa wa hali yake, yaani ule ambao nusu yao huupita na nusu hawaufikii, ni miezi 12, mweleze kwamba takribani nusu yao huishi kati ya miezi 6 na 24, wachache hufikisha miaka 3 au zaidi, na wachache hufariki ndani ya miezi 2 au 3. Kisha nyamaza, hata kama ukimya huo utakuwia mzito.

Jibu la pili:
Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso ya ugonjwa mzito. Wanawe usiwaone kuwa wapinzani. Waulize wanaogopa nini, kisha waeleze kuwa hutamlazimisha kusikia asilotaka, ila akiuliza hutamdanganya. Na tafadhali usitamke kamwe kwamba "hakuna la kufanya tena", kwa sababu maumivu yanatibika, kuhema kunapunguzwa, na sisi tunapaswa kuitwa mapema, tibakemia ikiwa bado inaendelea.

Jibu la tatu:
Mimi si mtaalamu. Tulimficha mama yetu kwa miezi minne, kumbe alikuwa anajua, na alimsihi muuguzi asituambie kwamba anajua. Dada yake, ambaye walikuwa hawajasemezana kwa miaka mingi, alifika baada ya mazishi.