Chensoo ya mtumba imegoma kuwaka: kabureta mpya, vipira, fundi, au niiuze kama spea?

milingoti40
Wakuu habari za jioni. Niko Mafinga. Mwezi jana nilichukua chensoo ya mtumba, ya Kichina, ubavuni imeandikwa 58cc, jina la kiwanda lilishafutika. Jamaa alianza 130,000, nikamshusha mpaka 90,000, akaniambia "inataka sevisi ndogo tu". Nimevuta kamba mpaka bega halinyanyuki, haijawahi kuwaka hata mara moja. Kazi yenyewe ni milingoti kama 40 shambani, na Novemba mvua zikianza barabara ya kushukia haipitiki.

Nimepiga hesabu nne. Kabureta mpya dukani nimetajiwa 35,000. Seti ya vipira vya ndani ya kabureta 8,000, nibadilishe mwenyewe. Fundi anataka 40,000 ya ufundi, spea juu yangu. Au niiuze kama spea, niongeze hela nichukue mpya. Ninyi mngefanya lipi?

chuma_hakilali
Uza. Hizo mashine ukizinunua mpya zinakaa msimu mmoja, wewe umenunua iliyokwisha kukaa misimu yake. Tafuta Stihl ya mtumba hata kama ni nzito. Wapasuaji huku wanazo Stihl za modeli 070 zenye umri mkubwa kuliko wao na bado zinachana magogo.

spea_makambako
Kaka chuma, 070 ni mashine ya cc 105, akiangushie milingoti 40 kweli? Atamaliza msimu yuko kwa mganga wa mgongo. Na Stihl za mtumba zinazouzwa bei ya kutupa, nyingi ni stika tu.

fundi_korongo
Kijana, huna njia nne. Una swali moja ambalo hujalijibu, inakosa nini? Injini hizi zinataka vitatu: moto kwenye plagi, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), na mafuta. Hesabu zako mbili kati ya nne, kabureta na vipira, zinachukulia kwamba ni mafuta. Nani kakwambia?

Fanya hivi kesho asubuhi kabla hujatoa hata mia.

Fungua plagi. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na pengine yamezidi. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta mara kumi na choki imefungwa, mafuta hayafiki. Irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma cha plagi kwenye silinda mbali na tundu lake, vuta. Unataka cheche ya bluu. Fanya kivulini maana juani hutaiona, na usifanye hapo hapo ulipomwaga petroli. Kama hakuna cheche, usikimbilie kununua koili, ile inayotoa moto wa plagi. Chomoa kwanza waya wa swichi ya kuzimia, vuta tena. Nimeshaletewa mashine ambazo ubovu wote ulikuwa swichi ya shilingi elfu mbili.

Halafu kompresheni. Rudisha plagi, kaza, kisha inyanyue mashine kwa kishikio cha kamba ining'inie. Ikiteremka kwa kusitasita, inashuka na kukwama, inashuka na kukwama, ringi zinafanya kazi. Ikishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, usiguse kabureta. Fungua ekzosi, boliti mbili tu, uchungulie pistoni. Ukikuta michirizi ya kusimama kama imeparuliwa na paka, ilitembezwa bila oili. Hapo ndipo ushauri wa chuma unapokuwa na maana.

mkulima_molo
Salamu kutoka Molo, Kenya. Hiyo ni hadithi yangu kabisa, ila mimi pawa soo yangu haikuwa ya mtumba. Serikali ilipofunga ukataji miti misituni Februari 2018, kazi ya mbao niliyokuwa nikifanya ilisimama, mashine nikaiweka stoo na petroli ndani ya tanki. Kuja kuitoa, mafuta yamegeuka kama asali na yananuka rangi ya nyumba. Vile vipira vya kabureta vilikuwa vigumu kama kucha. Nilibadilisha vipira, filta na mpira wa mafuta, ikawaka. Kwa hivyo kura yangu ni njia ya pili, lakini usinunue vipira peke yake. Mpira wa mafuta uliopasuka utavuta hewa na utalaumu kabureta bure.

boti_kilwa
Pia angalia mchanganyiko wako. Mimi natumia oili ya mashine ya boti, ipo kila mahali huku pwani, chensoo yangu ndogo inakata minazi bila shida.

fundi_korongo
Ndugu yangu wa Kilwa, mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari, chensoo inapozwa na upepo wa feni yake. Oili ya boti imetengenezwa kwa injini isiyochemka kiasi hicho. Itakata minazi leo na kesho, halafu siku ya jua kali ringi zitaganda na masizi. Nunua iliyoandikwa ni ya mashine za kupozwa kwa hewa. Kwa hizi za Kichina, 25 kwa 1, maana yake mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli. Mambo ya 50 kwa 1 waachie wenye mashine na oili zinazoruhusu.

boti_kilwa
Nimeelewa fundi. Minazi ilikuwa miwili tu, lakini nimeelewa.

milingoti40
Shikamoo fundi. Nimefanya kama ulivyosema. Cheche ipo, bluu. Kompresheni ipo, inashuka kwa kusitasita kama mlevi kwenye ngazi. Plagi kavu kabisa, haina hata harufu. Nikadondoshea matone machache ya petroli yenye oili kwenye tundu la plagi, nikafunga, nikavuta. Iliunguruma sekunde tatu hivi ikafa! Kuku wote walikimbia. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia sauti.

Kwa hiyo ni mafuta. Kibonyezo cha kupandishia mafuta nacho kinajaa vizuri, hakina mapovu. Kabureta mpya sasa, au bado vipira?

fundi_korongo
Marahaba. Umeshaokoa 40,000 za fundi, na mimi ni fundi ninakwambia hivyo. Kama kibonyezo kinajaa bila mapovu, filta na mpira huenda ni vizima. Fungua kabureta, bisibisi moja, tazama kile kipira chembamba cha pampu. Kiwe laini kama ngozi ya ngoma iliyolowa.

spea_makambako
Nauza kabureta, kwa hiyo hapa naharibu biashara yangu, lakini wengi wanaonunua kabureta ya elfu 35 hurudi baada ya siku mbili na malalamiko yale yale. Ukiamua kununua, beba ya zamani mkononi. Hizi za 52 na 58 zinafanana kwa macho lakini matundu ya boliti na upande wa mpira wa mafuta hutofautiana. Na skrubu za H na L, zile za kurekebisha mafuta ya mwendo wa juu na wa chini, anzia mzunguko mmoja kutoka zilipogota taratibu. Taratibu, usizikaze kwa hasira, ncha yake ni kama sindano.

milingoti40
Naomba nikiri. Nilikuwa mjini leo, nimenunua kabureta mpya. Subira ilinishinda. Nimefunga, nimebonyeza, nimevuta: imewaka sekunde mbili, imezima. Nimerudia mara nane. Ni yale yale. 35,000 zimekwenda.

chuma_hakilali
Nilisema uza.

spea_makambako
Pole kaka. Sasa usiguse kabureta tena. Itoe, tazama gasketi iliyo kati ya kabureta na injini. Pembeni ya tundu kubwa kuna kitundu kidogo, upana wa njiti ya kiberiti. Injini inapumua kupitia hapo, na pumzi hiyo ndiyo inayotikisa kile kipira cha pampu. Kitundu kikizibwa, pampu imekufa hata kabureta iwe imetoka kiwandani asubuhi. Utapata sekunde mbili za mafuta uliyobonyeza kwa kidole, basi. Watu wanaofungua na kufunga haraka huigeuza gasketi, kitundu kikaangalia chuma.

mkulima_molo
Hiyo sikuijua, na nimefungua yangu mara nyingi. Naenda kuangalia sasa hivi.

milingoti40
Dada wa Makambako, ubarikiwe sana. Haikugeuzwa. Ni mbaya zaidi. Gasketi ya kwanza haikuwepo kabisa. Mtu alikata boksi la biskuti kwa wembe, katoboa tundu kubwa na matundu mawili ya boliti, kile kidogo hakukijua. Herufi za jina la biskuti bado zinasomeka, na zimelowa oili upande mmoja tu. Hiyo ndiyo "sevisi ndogo" niliyoambiwa.

Nimechukua karatasi ya gasketi ya 2,000, nimeichora kwa kuibandika kwenye chuma na kugongagonga na kichwa cha bisibisi mpaka alama za matundu zikatokea, nimetoboa yote manne. Kuvuta mara ya tatu imewaka na imebaki inawaka. Nimeirudishia hata kabureta ya zamani kujaribu. Inawaka vile vile.

Jana nimeangusha minane. Imeanza kupoteza nguvu kidogo ikipata moto, nafikiri ni ekzosi ina masizi.

fundi_korongo
Fungua wavu wa ekzosi, uchome kwa moto wa mkaa mpaka masizi yaishe, usugue na brashi ya waya. Na kabla ya mti wa tisa, jaribu breki ya mnyororo. Aliyekata gasketi ya biskuti sijui alifanya nini kwenye breki.

milingoti40
Breki ilikuwa imefungwa waya. Nimeukata.

Wakuu, nina kabureta mpya ya 58 iliyofanya kazi siku moja. Anayeihitaji nampa kwa 25,000.

boti_kilwa
Mpira wa mafuta unaingilia kulia au kushoto?