Wiki ya Song Kang-ho: nianze na ipi?

Swali: Wakuu, jumba la sinema karibu na kwangu limetenga wiki nzima kwa filamu za Song Kang-ho, yule mwigizaji wa Korea Kusini. Namjua kwa Parasite (2019) tu, yule baba dereva. Zamu za kazini zinaniruhusu mbili. Zipi?

Jibu: Memories of Murder (2003), hilo halina mjadala. Ni mpelelezi wa mji mdogo anayejigamba kwamba akimtazama mtu machoni tu, amemjua mhalifu. Utacheka, halafu kicheko kikukwame kooni. Kisa chenyewe ni cha kweli, mauaji ya mfululizo ya Hwaseong, huko huko Korea Kusini. Muuaji alitambuliwa 2019. Usinyanyuke kabla ya picha ya mwisho, tafadhali.

Jibu: Ya pili A Taxi Driver (2017). Dereva wa teksi wa Seoul anampeleka mwandishi wa habari Mjerumani kwenye mji wa Gwangju, Mei 1980. Anafuata nauli tu, mpaka anashuhudia jeshi likiwapiga raia risasi. Beba leso.

Muulizaji: Na Broker, iliyompa Song tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes 2022?

Jibu: Nzuri, ila inakwenda taratibu. Ukitoka zamu ya usiku utakoroma, majirani wakuchukie.