Mafundi na wauza tiyo wa Goma: "20 BAR" (kipimo cha presio) siyo debi, yaani kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika! Mnatumaliza!

Ndugu zangu, leo siandiki kwa upole, atakayechukia apite.

Kamiyo yetu ya mazutu (dizeli) ilikuwa inavuja kwenye tiyo ya kutoka tanki kwenda kwenye pompi. Kazi ndogo. Mekanisia akaagiza tiyo mpya kutoka Birere, akaifunga, akachukua pesa yake. Hapa mjini gari inatembea vizuri. Toka Sake na mzigo, anza kupanda Mushaki: nguvu inakwisha, injini inakohoa. Ukiipumzisha inapona, ukikanyaga tena inarudia yale yale.

Nikarudi garaje. Jibu nililopewa: "Haiwezi kuwa tiyo, papa. Ile ya zamani ilikuwa ya bar 10, hii ni ya bar 20. Presio mara mbili, mazutu mara mbili." Muuzaji naye akaapa hivyo hivyo.

Jamani! Namba iliyoandikwa juu ya tiyo ni presio ambayo mpira unaweza kuvumilia kazini. Tiyo haisukumi kitu. Tena mara nyingi ya presio kubwa ina ukuta mnene, kwa hiyo kwa nje mbili zinafanana kabisa, lakini tundu la ndani limebanwa. Nilipima mwenyewe: ya zamani ndani milimita 8, hii mpya milimita 6. Na wao wanapima kwa nje, kwa jicho!

"Milimita mbili tu hizo, papa." Mbili tu? Eneo la tundu limeshuka mpaka asilimia 56 ya lile la kwanza. Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Mazutu ikitembea kwa utulivu ndani ya tiyo, debi inafuata kipenyo mara kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Hiyo ni kanuni ya Poiseuille, daktari Mfaransa aliyekuwa anatafuta kujua damu inavyopita kwenye mishipa myembamba, karibu mwaka 1840. Daktari wa watu alijua, fundi wa magari hajui! Kutoka 8 hadi 6, ili upitishe mazutu ile ile, unahitaji tofauti ya presio zaidi ya mara tatu. Ukikata kipenyo nusu, ni mara 16.

Sasa hasira ya pili. Niliuliza kwenye kundi la madereva, wakajitokeza wajuzi: "Leta presio na kipenyo, tunakupigia hesabu." Nikawatajia bar 3 na milimita 8 niwaone. Jibu likaja haraka: lita 80 kwa dakika. Lita 80! Pipa la lita 200 lingekauka kwa dakika mbili na nusu. Injini ya kilowati 100 ikifanya kazi kwa nguvu zote inachoma kama lita 26 kwa SAA. Hata uongeze mazutu ya ziada ambayo pompi inarudisha tanki, hufiki huko. Hesabu yao inachukulia kwamba presio yote inageuka kuwa mwendo, utadhani tiyo haina urefu, haina kona, mbele hakuna filtri, na mazutu haina mnato.

Halafu presio ya sehemu moja haikuambii debi. Ziba mwisho wa tiyo kwa kidole: manometa (kipima presio) inapanda, debi ni sifuri. Kinachosukuma ni tofauti kati ya mwanzo na mwisho, na bila urefu wa tiyo na aina ya mafuta, hiyo hesabu ni ramli.

Na upande wangu mimi ni wa kunyonya, jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Kati ya tanki na pompi hakuna bar 3 yoyote. Pompi inapunguza presio upande wake, hewa iliyo juu ya mazutu kwenye tanki ndiyo inayosukuma. Pwani hewa hiyo ina karibu bar 1. Goma tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, tuna karibu 0.85, na ukipanda Masisi inazidi kupungua. Kwenye kidogo hicho unanibania tena tundu!

Fundi anayejiheshimu anafungua tiyo ya kurudi tanki, anaiingiza kwenye bidoni yenye alama za lita, anashika saa. Anaweka manometa ya kunyonya kabla ya pompi, injini ikiwa inafanya kazi kwa nguvu. Kazi ya dakika chache, bila simu.

Muuzaji anasema tiyo iliyokatwa hairudishwi. Mekanisia anataka alipwe upya kuifungua. Silipi. Mwenye tiyo ya mazutu ya milimita 8, ya NDANI nasema, aandike bei hapa chini.